Rubondo Hupangwa Kuanzia Majini: Ushauri kwa Wanaotaka Kuvuka Kuona Wanyama wa Visiwani

Watu wengi wa ukanda wetu, kuanzia Kambarage mjini Shinyanga hadi Kahama, Katoro na Geita, wakisikia utalii wa wanyama mawazo yao hukimbilia Serengeti. Wachache hukumbuka kwamba Mkoa wa Geita wenyewe una hifadhi ya taifa iliyo ndani ya Ziwa Victoria, yote ikiwa ni visiwa na maji. Jina lake ni Rubondo. Kipo kisiwa kimoja kikubwa na vidogo kadhaa vinavyokizunguka. Humo wanaishi sokwe, tembo, twiga, mbega, viboko, mamba na nzohe, na hakuna simba wala chui. Wageni hutoka Ulaya wakalipa fedha nyingi ili wafike huko. Sisi ni majirani, na bado wengi wetu tunazeeka bila kukanyaga.

Kinachotukwamisha mara nyingi si fedha peke yake, ni mpangilio. Safari ya nchi kavu ina nafasi ya kurekebisha: gari likiharibika Masumbwe utapanda jingine. Safari ya visiwani haina nafasi hiyo. Vikundi vingi huanza na sare, muziki na chakula, halafu boti inatafutwa siku moja kabla ya kuondoka. Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja: anza na maji. Ukishajua boti gani itawavusha, siku gani, saa ngapi, na itawarudisha vipi hali ya hewa ikichafuka, mengine yote yatapangika kwa urahisi.

Jua unakokwenda

Rubondo ilifanywa pori la akiba mwaka 1965, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 457, na karibu nusu yake ni maji. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kama kilomita 28 kutoka kaskazini hadi kusini, na sehemu kubwa ya nchi yake kavu ni msitu. Kilele chake, mlima Msasa, kina mita 1,486 kutoka usawa wa bahari, yaani kama mita 350 juu ya uso wa ziwa. Makao makuu ya hifadhi yapo Kageye. Kabla ya hifadhi palikuwa na wenyeji, wavuvi na wakulima, ambao miaka ya 1960 walihamishiwa visiwa vya jirani na nchi kavu. Ni vizuri mgeni alijue hilo anapotembea humo.

Wanyama wengi wanaoifanya Rubondo ijulikane si wa asili ya hapo. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Shirika la Wanyama la Frankfurt alipeleka kisiwani sokwe 17. Wengi wao walikamatwa Afrika Magharibi wakiwa wachanga, wakaishi miaka katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Waliletwa kwa meli, wakafunguliwa milango ya makasha, wakaachwa msituni. Walijifunza wenyewe matunda ya kula, wakajifunza kujenga viota mitini, wakazaa. Sokwe wanaosikika leo wakipiga kelele Rubondo ni uzao wao.

Tembo, twiga na mbega nao waliletwa. Faru weusi waliletwa pia, lakini ujangili ukawamaliza. Mwaka 2000 wakaongezwa kasuku wa kijivu waliokamatwa kutoka kwa wafanyabiashara haramu. Wenyeji wa tangu zamani ni nzohe, pongo, viboko, mamba, tumbili, fisi maji, chatu na ndege wa aina zaidi ya 200.

Mweleze kila mwanakikundi mambo haya kabla ya safari. Asiyejua anakwenda kuona nini atarudi akilalamika kwamba hakuona simba.

Chagua msimu kwa kutazama ziwa

Kwa safari ya kwanza nashauri Juni hadi Agosti. Mvua zimekata, njia za msituni zimekauka, na kutembea hakuchoshi. Kwetu msimu huo una faida nyingine mbili: shule huwa na likizo ya Juni, na ndiyo miezi ambayo pamba inauzwa, mkulima ana kitu mfukoni. Tahadhari yake ni upepo wa kusini mashariki, ambao miezi hiyo huweza kuvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi.

Anayependa ndege achague Desemba hadi Februari, wakati ndege wahamiaji wa Ulaya na Asia wanapokuwa wamekimbia baridi ya kwao. Masika ya Machi hadi Mei ni mazuri kwa macho, msitu unanawiri na vipepeo ni wengi, ila mvua na matope vitakula siku zako. Kama hujawahi kwenda, usianze na masika.

Msimu ni jambo la miezi. Kuna pia jambo la saa, ambalo ni kubwa zaidi kwa usalama wako. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hivyo upepo hutoka ziwani kuelekea bara. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na upepo wa kutoka pande zote za bara hukutana juu ya ziwa. Hewa ile ya joto hupanda juu, mawingu hujengeka, na radi huanza. Ndiyo sababu dhoruba nyingi kubwa za Ziwa Victoria hutokea kati ya usiku wa manane na asubuhi.

Kwa hiyo usikubali kuvuka usiku, na usikubali ile hoja ya kuondoka saa kumi alfajiri ili kuwahi. Subiri kupambazuke, anga lionekane, nahodha aamue. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa watumiaji wa Ziwa Victoria. Mpe mtu mmoja wa kikundi kazi ya kuufuatilia kila siku kuanzia wiki ya safari. Katika ratiba acha siku moja ya akiba baada ya kurudi, ili asiwepo mtu anayelazimisha boti iondoke kwa sababu Jumatatu anatakiwa kazini.

Njia ya nchi kavu

Mialo inayotumika zaidi kuvukia ni Kasenda na Muganza katika Wilaya ya Chato, na Nkome katika Wilaya ya Geita. Kasenda ndiko karibu na kisiwa, mwendo wa boti ya mashine ni kama nusu saa au pungufu. Nkome ni mwendo mrefu zaidi wa majini, huweza kufika saa mbili. Kwa familia yenye watoto, au kwa kikundi chenye watu wanaoogopa maji, chagua Kasenda hata kama barabara itakuwa ndefu zaidi.

Anayetoka Shinyanga anaweza kupita Maganzo na Misungwi hadi Usagara, akakata kushoto bila kuingia Mwanza mjini. Zamani hapo Kigongo palikuwa na foleni ya kivuko iliyoweza kuvuruga ratiba nzima. Tangu Juni 2025 lipo Daraja la John Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, kutoka Kigongo hadi Busisi, na ratiba yako haitegemei tena kivuko. Ukishavuka unaenda Sengerema, Geita, Katoro, Buseresere, hadi Chato na Muganza. Anayetoka Kahama apite Masumbwe, Ushirombo na Runzewe, kisha akate kulia kwenda Bwanga na Chato. Mgeni anayetoka mbali kwa ndege anaweza kushukia uwanja wa Chato, na kisiwani kwenyewe kuna kiwanja kidogo cha ndege za kukodi.

Usipange kusafiri bara na kuvuka siku hiyo hiyo. Lala Chato au Muganza, uamke bila haraka. Waliofika mwaloni jioni wakiwa wamechoka, jua linakaribia kuzama, ndio wanaokubali boti yoyote itakayotokea.

Boti ndiyo safari yenyewe

Kuna njia tatu za kuvuka. Ya kwanza ni boti ya hifadhi, ambayo huombwa mapema kupitia ofisi ya hifadhi. Ya pili ni kampuni ya utalii inayokupangia kila kitu. Ya tatu ni kukodi boti binafsi mwaloni. Kwa kikundi cha kwetu nashauri ile ya kwanza. Watu wa hifadhi wanajua maji yale, wanajua mnakuja, na msipotokea watawatafuta. Ukikodi boti binafsi, ijulishe hifadhi mnatoka mwalo gani, saa ngapi, na mko wangapi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba boti hulipiwa kwa safari, si kwa kichwa. Mafuta ni yale yale mkiwa watatu au mkiwa wanane. Hapo ndipo gharama ya Rubondo hupanda au hushuka. Watu wawili wanaokwenda peke yao wataiona ghali. Kikundi kinachojaza boti kwa idadi yake halali kitashangaa jinsi mgawo ulivyo mdogo. Nimesema idadi halali kwa makusudi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na mwalo wa Ukara. Kilikuwa na uwezo wa abiria 101, na watu waliokufa walizidi 220. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama meli ya MV Bukoba, na mamia ya familia za Kagera na Mwanza bado zinahesabu miaka. Hatuhitaji msiba wa tatu ili tujifunze kuhesabu watu kabla ya kung'oa nanga.

Mkifika mwaloni msikimbilie kupanda. Simameni pembeni kwa dakika chache mtazame. Boti imepakiwa kitu gani tayari? Ukingo wake uko juu ya maji kiasi gani ikiwa tupu, na utashuka kiasi gani mkiingia? Maji yaliyo ndani yanakumbwa kila mara, au ni ya mvua ya usiku tu? Kisha ulizeni haya, kwa upole lakini bila kuona haya. Jaketi okozi yapo mangapi, na yapo ya watoto? Kila mmoja avae lake na kulifunga kabla boti haijaondoka, kwa sababu jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Mashine ina plagi za akiba? Mafuta yaliyopo yanatosha kwenda na kurudi, au ya kurudi yatatafutwa huko? Boti imesajiliwa na kukaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na cheti kinasemaje kuhusu idadi ya abiria? Nahodha ana msaidizi anayeweza kushika usukani akiumwa?

Namna ya kuzungumza na nahodha nayo ni sehemu ya usalama. Msalimie kama unavyomsalimia mkubwa wako, "Shikamoo mzee," kisha umuulize ziwa likoje leo. Atakuambia mengi ambayo utabiri hauna: upepo umegeuka lini, wavuvi waliorudi alfajiri wamesemaje, upande gani wa kisiwa umetulia. Akisema leo hapana, basi ni hapana. Usimwongezee fedha ili abadili mawazo. Nahodha anayebadili mawazo kwa fedha ndiye wa kumkimbia.

Siku ngapi, na za kufanya nini

Kwenda na kurudi siku moja ni kulipa gharama zote ili uone ufukwe. Usiku mbili ni kiwango cha chini, na tatu ndizo zinazotosha. Hifadhi ina malazi yake ya bei nafuu, na wanaotaka kupiga hema wanaweza. Ipo pia kambi ya kitalii ya gharama kubwa. Chumba kiwekwe mapema, hasa Juni na Desemba, kwa sababu nafasi ni chache na ukikosa huwezi kutoka nje ukatafuta gesti nyingine.

Siku ya kwanza, baada ya kupumzika, tokeni jioni kwa boti mtembee kandokando ya ufukwe. Hii ndiyo starehe ya pekee ya Rubondo, kuwatazama wanyama ukiwa juu ya maji. Viboko huibuka pua na masikio. Mamba hulala juu ya miamba midomo wazi. Furukombe hukaa juu ya mti uliokauka, na akishuka kuchota samaki huwa ni tendo la sekunde moja, kwa hiyo acheni maongezi. Kwenye visiwa vidogo wanapolala ndege utaona mnandi na yangeyange wamejaa hadi matawi yameinama. Mwambieni nahodha azime mashine akiwa mbali, boti isogee yenyewe. Ukiisogeza kwa kelele ndege wote huruka, na mayai na makinda hubaki juani.

Nzohe anahitaji macho. Ni swala wa majini, mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame kwenye tope. Akishtuka hakimbilii nchi kavu, huingia majini katikati ya mafunjo na kuzamisha mwili wote, pua tu ikabaki juu. Unaweza kupita mita chache kutoka alipo usimwone. Mtafuteni asubuhi na mapema au jioni kwenye mabwawa yenye mafunjo, na mkae kimya. Tanzania nzima ni sehemu chache ambapo mtu wa kawaida anaweza kumwona mnyama huyu.

Siku ya pili itengwe kwa sokwe, na ya tatu iwe ya kurudia kama hamkuwapata. Sokwe wa Rubondo wana makundi mawili, la kaskazini na la kusini, na msitu ni mkubwa. Kila jioni sokwe hukunja matawi na kujitengenezea kiota kipya cha kulala. Waongozaji huanzia hapo: wanajua makundi yamelala wapi jana, wanafuata nyayo, matunda yaliyotafunwa na sauti. Mnaweza kutembea saa kadhaa mkipanda na kushuka. Hakuna anayeweza kuwahakikishia kwamba mtawaona, na anayewaahidi anawadanganya. Mtu mwenye matatizo ya magoti au moyo abaki na ziara ya boti, hatapungukiwa.

Kwa kuwa hakuna simba wala chui, Rubondo ni mahali pazuri pa kutembea kwa miguu. Lakini tembo wapo na viboko hutoka usiku kula nyasi. Msitembee bila askari wa hifadhi, na usiku msitoke malazini kwenda kuchungulia maji.

Wapenda uvuvi wanaweza kupata leseni ya kuvua kwa ndoano na kumtafuta sangara. Maji ya hifadhi yamefungwa kwa uvuvi wa biashara kwa sababu ndimo sato na sangara wanamozaliana. Kitoweo kinachouzwa Nkome na Muganza kinategemea mazalia hayo kubaki salama. Ukimwona mtu anatupa nyavu ndani ya mpaka, toa taarifa.

Adabu mbele ya sokwe

Sokwe ni ndugu wa karibu sana na binadamu kwa mwili, kiasi kwamba mafua yetu yanaweza kumuua. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliua sokwe kadhaa katika Hifadhi ya Milima ya Mahale. Mwaka 2013 huko Kibale, Uganda, sokwe watano walikufa kwa kirusi ambacho kwa mtoto wa binadamu huleta mafua ya kawaida. Rubondo ina sokwe wachache waliozungukwa na maji. Ugonjwa ukiingia, hakuna kundi jingine la kuja kujaza pengo.

Kwa hiyo mwenye kikohozi, homa au mafua asiende msituni siku hiyo, hata kama amelipa. Vaeni barakoa mkiwa karibu nao. Kaeni umbali wa mita 10 au zaidi, na sokwe akiwasogelea, rudini nyuma. Msile mbele yao, msiteme mate, msiache ganda la ndizi wala karatasi. Anayehitaji haja kubwa amwambie mwongozaji ili achimbe shimo na kufukia. Ulizeni mapema kuhusu umri unaoruhusiwa kwa watoto, ili mtoto asije akalia langoni.

Fedha

Tozo za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni ndogo mno ukilinganisha na za mgeni anayelipa kwa dola. Ili upate bei hiyo beba kitambulisho cha taifa, na kwa watoto beba vyeti vya kuzaliwa. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa benki au kwa simu. Fanyeni hivyo mkiwa bado mjini, ambako mtandao ni wa uhakika.

Andikeni bajeti kwa mafungu: usafiri wa bara, usiku mmoja wa Chato au Muganza, boti kwenda na kurudi, kiingilio kwa kila saa 24, malazi, mwongozaji na askari, ziara ya boti, chakula, na akiba. Ombeni bei za sasa moja kwa moja kutoka hifadhini, maana hubadilika kila mwaka wa fedha. Akiba isipungue gharama ya usiku mmoja wa ziada kwa kikundi kizima. Siku ziwa likikataa, akiba hiyo ndiyo itakayowalisha.

Sisi ni mabingwa wa kuchangia harusi. Tunateua mwenyekiti, mweka hazina, tunaweka kiwango cha mchango na tarehe ya mwisho, na shughuli inafana. Pangeni Rubondo vivyo hivyo. Walimu wa shule moja, wanakikoba, kwaya, wachimbaji wa duara moja, au ukoo: watu wanane au kumi wakichangia kidogo kidogo kwa miezi sita watafika. Mweka hazina alipe boti na malazi kwanza. Sare zije mwisho, kama fedha imebaki.

Mzigo na afya

Duka kisiwani ni la kubahatisha. Nunueni mchele, unga, mafuta, vitunguu, maharage na maji ya kunywa Katoro, Chato au Muganza, na muulize mapema kama jiko la malazi linatumika na wageni na lina vyombo gani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na kisiwani hakuna anayeipenda. Tumieni vikapu na ndoo zenye mifuniko. Simu, dawa na vitambulisho vifungwe ndani ya kitu kisichoingiza maji, kwa sababu hata ziwa likitulia boti hurusha maji.

Mbung'o wapo, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Vaeni kaki au kijani kilichopauka, mikono mirefu na suruali. Malaria ipo, kwa hiyo bebeni chandarua kama hamna uhakika na kilichopo, na dawa ya kupaka. Msioge ziwani. Mamba ni sababu ya kwanza, na kichocho ni ya pili: konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi penye majani, palepale mtoto anapopenda kuchezea. Anayetumia dawa za kila siku abebe za wiki nzima, si za siku tatu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ipo Chato, lakini kati yako na hospitali hiyo kuna maji, na maji hayavukwi usiku.

Kikundi chenye watu ambao hawajawahi kupanda boti kifanye zoezi kwanza. Kisiwa cha Saanane kipo ndani ya jiji la Mwanza, dakika chache kwa boti, nacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013. Kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi hapo. Miaka ya 1960 baadhi ya wanyama waliopelekwa Rubondo walipitia Saanane kwanza. Watu wenu nao wapitie hapohapo. Atakayeogopa sana ataijua hofu yake mapema, na atakayefurahi atakuwa msaada kwa wenzake siku ya safari kubwa.

Usipeleke kitu, usirudi na kitu

Visiwa vya Galápagos, mali ya Ecuador, ni visiwa vya volkano vilivyo peke yao katika Bahari ya Pasifiki, na dunia nzima huvisifu. Ecuador imeviwekea masharti makali. Mizigo ya mgeni hukaguliwa ili asiingize mbegu, udongo wala mdudu, meli ya kitalii haibebi zaidi ya abiria 100, na mgeni hatembei hifadhini bila mwongozaji. Agosti 2024 kiingilio cha mgeni wa nje kilipandishwa kutoka dola 100 hadi 200. Masharti hayo hayakutokana na kiburi. Kisiwa kikiingiliwa na mmea au mnyama mharibifu, viumbe wake hawana mahali pa kukimbilia.

Sisi wa Ziwa Victoria tunalijua somo hilo kwa maumivu. Gugumaji liliingia miaka ya 1980 likafunga mialo yetu. Sangara aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akaleta viwanda na fedha, lakini akamaliza aina nyingi za furu ambazo hazipatikani popote pengine duniani. Kwa hiyo kung'uteni matope kwenye viatu kabla ya kupanda boti. Msipeleke mbwa, miche wala mbegu. Taka zote zirudi bara pamoja nanyi. Msichukue ganda, unyoya wala mche kama kumbukumbu.

Wanaokwenda wakiwa wamejipanga hurudi na hamu ya kwenda tena, na watoto wao hukua wakijua kwamba Geita ina dhahabu ya chini ya ardhi na ina Rubondo. Wiki hii kusanya wenzako wanane, chagueni mweka hazina, kisha pigeni simu ofisi ya hifadhi muulize swali moja kabla ya mengine yote: boti ipo siku gani?